Viwake Vyote kwa Pamoja

Jumatatu, 4 Machi

Nimeteuliwa! Historia, iliyonipita bwenini bila hata salamu, leo imegeuka ikanishika mkono. Mama Mdogo amenikabidhi inveta.

Niandike yote, vizazi vijavyo visije vikapotoshwa. Juma hili umeme wa mtaani unakatwa tangu asubuhi hadi jua litue, kwa kile kinachoitwa matengenezo. Jumamosi ni mahafali ya shule ya msingi iliyo nyuma ya nyumba yetu, na Mama Mdogo ndiye atakayepeleka aiskrimu. Mwalimu Mkuu akiridhika, Mama Mdogo atapewa duka la shule: kaunta yake, mlango wake, ufunguo wake. Kwa miaka yote ameuza aiskrimu kupitia dirisha la jikoni, akiinama kila mteja anapokuja, na sasa mgongo umeanza kumlalamikia. Aiskrimu ikiyeyuka, duka litakwenda kwa mwoka keki wa mtaa wa pili. Huyo Mama Mdogo hamtaji kwa jina. Humtaja kwa kusonya.

Nami nina langu. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa siasa na uchumi, niliyefukuzwa bwenini muhula huu kwa kuongoza maandamano ya kudai taa za ukumbini. Maandamano yalikuwa na watu wawili. Wa pili alikuwa akitafuta maabara. Mama Mdogo alinipokea kwa sharti moja tu: nikimharibia kitu, ninakwenda kwa Baba shambani. Baba ana ng'ombe wengi na subira kidogo.

Inveta ni sanduku linalochukua umeme wa betri na kuugeuza uwe kama ule wa ukutani. Imefungwa na Wati. Wati ni binti wa Mama Mdogo, na kwa hiyo mdogo wangu, jambo ambalo hajalikubali hadi leo. Anasoma uhandisi wa umeme. Jina hilo la utani alipewa na wenzake kwa kejeli, naye akalipokea kama nishani. Hilo peke yake linatosha kueleza tabia yake.

Kwa kuwa mchana anakwenda mafunzo kazini, ameniachia masharti. Asubuhi pampu ipandishe maji kwenye tangi, peke yake. Tangi likijaa, pampu izimwe kwenye swichi. Ndipo friza iwashwe, nayo peke yake, iachwe itulie. Blenda ya kusagia matunda ije mwisho.

Nilimuuliza, kwa utulivu, ni nani aliyevipanga vifaa hivi kwa vyeo. Akasema fizikia. Nikamjibu kwamba kila mfalme ana fizikia yake. Akamgeukia mama yake, akauliza kama hakuna mtu mwingine wa kuachiwa kazi hii, hata paka.

Hatuna paka. Nimeteuliwa bila kupingwa.

Jumanne, 5 Machi

Siku ya ukombozi. Ukombozi umeahirishwa.

Nilianza kwa utafiti, kama msomi. Nikasoma kibandiko nyuma ya kila kifaa. Friza: wati mia moja na hamsini. Blenda: mia tatu. Pampu: mia tatu na sabini. Jumla, mia nane na ishirini. Inveta: elfu moja! Nikajumlisha tena kwa kalamu, kisha kwa simu, kisha kwa sauti. Ziada ilikuwa pale pale, inang'aa. Kumbe foleni yote ile ya Wati ilikuwa hila ya tabaka la wahandisi, la kutufanya tuamini kwamba neema haitoshi!

Nikapitisha azimio. Vifaa vyote vya nyumba hii vina haki sawa ya kuwaka, kwa wakati mmoja, bila kutangulizwa wala kusubirishwa. Kura ya ndiyo, moja. Ya hapana, hakuna. Nikapanga nyaya zote kwenye soketi moja ndefu ya kiendelezi, ili mkono mmoja uviweke huru vyote. Nikabonyeza.

Inveta ilipiga yowe. Sijapata kusikia kitu kisicho na mdomo kikilia hivyo. Taa nyekundu ikawaka, na nyumba nzima ikanyamaza kama darasa lililoulizwa swali.

Nikajua ni hujuma. Nikabonyeza tena. Yowe. Nikabonyeza tena, mara hii kwa ghafla, ili nimkamate adui hajajiandaa. Yowe! Hapo nikalegeza msimamo kwa muda, nikaiacha friza peke yake. Ikanguruma, ikatetemeka kama mtu aliyesukumwa kutoka usingizini, ikafanya tap! Kimya. Nikajaribu tena. Tap! Kimya.

Friza ilikuwa imegoma. Mimi, kiongozi wa migomo, nikawa nimegomewa.

Nifanyeje? Nikafanya ninalolijua. Nikaweka mkono juu ya mfuniko na kuihutubia. Nikaikumbusha wajibu wake kwa maziwa, na kwa watoto wa shule. Nikazungumza juu ya jasho la akina mama. Nilikuwa nimefika mahali pazuri sana, penye kurudiarudia, friza ilipojiwasha tena yenyewe na kuanza kuvuma taratibu.

Machozi yalinilengalenga.

Mama Mdogo alikuwa amesimama mlangoni na ndoo ya maziwa. Sijui alifika lini. Aliuliza kama niko mzima. Nikamwambia mazungumzo yamezaa matunda.

Jumatano, 6 Machi

Wati amepata habari za jana. Nyumba hii ina mpasha habari.

Wakati wa chakula alinieleza, mbele ya mama yake, kwa ile sauti inayotumiwa kwa watoto na kwa wageni. Akasema kibandiko kinaonyesha kile mota inachokula ikiwa tayari inakimbia. Kuanza ni jambo jingine. Akaniuliza kama nimewahi kusukuma gari lililozimika. Mwanzoni watu sita, mishipa imewatoka shingoni. Likishashika mwendo, mmoja anatosha. Mota nayo ni hivyo: kwa nukta ile ya kuamka inavuta umeme mara tano, mara sita ya ule wa kwenye kibandiko. Inveta inaweza kuvumilia mkupuo mmoja kama huo, kwa kufumba na kufumbua. Ukiziamsha mota tatu pamoja, umeiambia isukume magari matatu.

Nikasema kwamba hata hivyo friza ilinisikiliza. Akacheka hadi akaweka kijiko chini. Akasema friza ikizimwa ghafla, ndani ya kompresa yake kunabaki msukumo mkubwa, na mpaka msukumo ule ushuke haiwezi kuanza. Inataka kupumzishwa tu. Ningehutubia, ningeimba, ningelala, ingewaka vilevile. Tena akaongeza, eti kama friza ingekuwa inasikia, ingewaka mapema zaidi ili ninyamaze.

Mama Mdogo alijifanya anatafuta chumvi.

Debe tupu haliachi kuvuma, akamalizia. Mdogo wangu! Methali! Kwangu!

Baadaye. Alasiri Mwalimu Mkuu alipita dirishani kuulizia aiskrimu inaendeleaje. Mama Mdogo alikuwa uani, Wati hayupo. Nikampa mhadhara mfupi juu ya asili ya mota. Nikamwambia amwazie mtu anayesukuma gari lililozimika. Watu sita mwanzoni, nikasema, mishipa imewatoka shingoni. Alivutiwa mno. Akauliza kama mfano huo ni wangu. Nikamwambia umekuwa ukinijia pole pole kwa muda mrefu.

Alhamisi, 7 Machi

Sikulala vizuri kwa ajili ya fikra. Wati anasema mota hudai mno inapoanza. Vema. Lakini kwa nini ianze kwa kishindo? Si kila mabadiliko lazima yawe ya kishindo! Upo mpito wa amani. Mota ipewe umeme kidogo, kisha zaidi kidogo, kisha zaidi, mpaka ijikute inakimbia bila kujua ilianza lini. Inveta haitahisi. Wati ataadhirika. Wazo hili ni langu mwenyewe, halina gari ndani yake.

Kilichohitajika ni kitu cha kupunguza na kuongeza. Nacho kipo: kile kitufe cha kuzungusha cha feni, kilicho ukutani katika chumba cha uani.

Chumba cha uani kinakaliwa na mpangaji wetu, mwalimu mstaafu wa kwaya. Ni mtu mpole, mnene, anayetokwa jasho hata akisoma gazeti. Feni yake ni ndogo na Wati ameiruhusu itumie inveta mchana. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba. Nikamwomba kitufe kwa jina la maendeleo. Akauliza maendeleo ya nani. Nikasema ya wote. Akakohoa, akasema haya, kijana, chukua, ila ukirudishe kabla joto halijanikuta.

Nikakifunga kati ya soketi na pampu, nikaanza na kiwango cha chini kabisa. Pampu ikavuma. Haikuzunguka. Nikaongeza kidogo. Ikavuma kwa uchungu zaidi, kama mtu anayeelewa hoja lakini hakubaliani nayo. Nikajiambia: subira! Mpito ni mpito! Nikasubiri. Kukaja harufu. Nikadhani ni ya jirani. Nikasubiri tena, nikiwa na imani, hadi moshi ulipotoka kwenye kitufe, mwembamba, wa bluu, ukipanda juu kwa heshima zote kama roho ya mchamungu.

Nikang'oa waya. Pampu ilikuwa ya moto lakini hai. Kitufe kilikuwa kimekufa kwa ajili ya wengine.

Jioni Wati aliishika pampu, akainusa, akaniangalia. Akasema mota ikinyimwa umeme wa kutosha wakati wa kuanza haijitutumui pole pole, inakwama pale pale na kujipika. Hiyo, akasema, si amani, ni kumkaba mtu koo huku unamwambia akimbie. Akasema pia kwamba kitufe cha feni kubebeshwa pampu ni sawa na paka kubebeshwa mkokoteni. Naona paka hamtoki akilini.

Nimemwahidi mwalimu wa kwaya kitufe kipya. Ameshukuru, huku akijipepea kwa sahani.

Ijumaa, 8 Machi

Nitaandika kwa ufupi. Siwezi kuandika kwa ufupi.

Asubuhi nilifuata masharti ya Wati neno kwa neno, isipokuwa neno moja. Pampu ilipandisha maji peke yake. Tangi likajaa. Boya lililomo tangini lilipoinuka, pampu ikakatika yenyewe, kama ilivyotengenezwa. Sharti linalofuata lilikuwa niizime pia kwenye swichi. Nikakataa. Pampu imekwisha kunyamaza kwa hiari yake! Kumzima aliyekwisha kunyamaza ni udikteta mtupu. Nikaiacha swichi ilivyo, nikawasha friza, ikavuma vizuri. Vikombe vyote vya aiskrimu ya kesho vilikuwa ndani, vigumu kama matofali. Mama Mdogo akaondoka kwenda kununua vifuniko, akiwa anaimba. Sijamsikia akiimba tangu nifike.

Saa ya joto ikafika. Mwalimu wa kwaya, asiye na feni, akaingia bafuni.

Alikuwa bado kwenye ubeti wa kwanza niliposikia lile yowe. Inveta chini! Maji yalikuwa yameshuka tangini, boya likashuka nayo, na pampu ikaamka bila kumwuliza mtu, wakati friza inakimbia. Niliielewa hali mara moja. Niliielewa yote, isipokuwa la kufanya. Nikawasha upya. Pampu na friza zikaamka pamoja. Yowe! Nikapumzisha, maana mimi si mtu wa kurudia makosa, nikawasha upya. Zikaamka pamoja. Yowe!

Adui, basi, ni maji. Nikaenda mlango wa bafu nikabisha. Nikatangaza kwamba kuanzia sasa matumizi yote ya maji yamesitishwa hadi mahafali yatakapokwisha. Mwalimu wa kwaya aliacha kuimba. Akasema ana sabuni machoni na masikioni, hivyo hajanisikia vizuri, ni nani anayezungumza? Nikasema: umma. Akasema basi umma umletee taulo, ameisahau kitandani.

Nikapeleka taulo. Alipoipokea akaniambia, kwa upole wake ule ule, kwamba hawezi kubaki na povu kwa ajili ya friza, yeye ni mtu mzima. Akafungua bomba hadi mwisho.

Nikarudi kwenye friza. Nikafunua kuangalia hali ya vikombe. Nikafunika. Nikapata wasiwasi, nikafunua tena. Kila nilipofunua ukungu wa baridi ulitoka, nami nikaona ni dalili njema. Mara ya mwisho nilibonyeza kikombe kimoja kwa kidole. Kidole kiliingia.

Mama Mdogo aliporudi hakupiga kelele. Laiti angepiga. Aliweka vifuniko mezani, akafunga mfuniko wa friza, akaingia chumbani kwangu, akatoka na godoro langu na mablanketi yangu yote, akaigubika friza kama mgonjwa. Kisha akaketi juu ya godoro lile ili mtu, yaani mimi, asifunue tena.

Halafu akasema, bila kunitazama: Mwanangu, mimi sitafuti utajiri. Nataka niuze nimesimama wima. Basi.

Nimehutubia viwanja vya mabweni, ngazi za maktaba, hata foleni ya benki. Yeye nilimletea mto tu, wa kuegemeza mgongo.

Wati aliingia na mkoba begani. Akamwona mama yake juu ya godoro, akaniona mimi, akaenda moja kwa moja kwenye swichi ya pampu. Ki! Akaizima. Akasubiri akivua viatu, akasubiri zaidi akinywa maji. Ndipo akawasha inveta. Friza ikatetemeka mara moja, ikashika, ikavuma. Hakuna yowe.

Akaniuliza kwa nini swichi ya pampu iliachwa imewashwa. Nikasema ni suala la msimamo. Akamtazama mama yake. Mama yake akalitazama godoro. Mama Mdogo akasema litakaa palepale hadi kesho, na mimi nitalala juu ya mbao. Na kesho kukiwa na kikombe kimoja tu kilichoyeyuka, basi la kwanza asubuhi linaondoka kwenda kwa Baba, na mimi ndani yake.

Jumamosi, 9 Machi

Vimesalimika! Vyote!

Vilishika tena usiku, umeme wa mtaani uliporudi. Asubuhi Mama Mdogo alivikagua kimoja kimoja, nami nikiwa nimesimama kando kama mshtakiwa, mbao za kitanda zikiwa zimenichora mgongoni. Viwili vitatu vya juu vilikuwa vimelegea pembeni. Akavipanga upande wake. Alipofika kwenye kikombe chenye tundu la kidole alinitazama kidole, akakila kikombe hicho yeye mwenyewe, amesimama, hadi mwisho.

Shuleni mambo yalikwenda kama maji kwenye mteremko. Watoto walirudi foleni mara mbili, wengine wakibadilishana kofia ili wasitambulike. Mwalimu Mkuu alikula, akalamba kijiko, akamwita Mama Mdogo pembeni. Walizungumza kidogo. Mama Mdogo alirudi akiwa amenyooka kuliko nilivyopata kumwona. Jumatatu saa nne asubuhi anakwenda kutia saini. Duka ni lake, isipokuwa shule ikipatwa na jambo.

Mwoka keki alikuwepo. Wamesalimiana kwa furaha kubwa, kila mmoja akimsifu mwenzake gauni. Sikujua kusonya kunaweza kufanywa moyoni.

Mimi nilibeba masanduku. Wati alitembea kati yangu na kila ukuta wenye swichi.

Jumapili, 10 Machi

Usiku wa kwanza juu ya godoro. Mwanamapinduzi naye ana mgongo. Baada ya kupumzika, nimelitafakari juma zima kwa jicho la haki, bila kujipendelea.

Jambo liko wazi sasa. Azimio langu halikushindwa. Halikupata nafasi. Inveta ya Mama Mdogo ni ndogo mno kwa wazo kubwa kama lile, na kosa langu lilikuwa moja tu: kujaribu usawa katika nyumba moja. Usawa unataka taasisi.

Na taasisi ipo! Jana, wakati Wati amekwenda kurudisha masanduku matupu, Mwalimu Mkuu alinishika mkono kwa faragha. Akasema tangu nilipompa ule mfano wa gari hajaacha kuufikiria. Shule nayo ina inveta, kubwa, zawadi ya wazazi. Kuna pampu ya kisima, mashine ya kutoa nakala, feni za madarasa yote, na sasa itaongezeka friza ya dukani. Mlinzi huviwasha kimoja kimoja, akingoja kati ya kimoja na kingine, na asubuhi nzima inaliwa. Akaniuliza, kama mtaalamu, tatizo ni nini.

Nikamwambia: foleni.

Nikaona neno limemwingia. Akauliza kama nina uzoefu wa kutosha. Nikamwambia nimesimamia inveta peke yangu kwa juma zima la kukatika kwa umeme, na kwamba aiskrimu aliyoila ndiyo ushahidi. Alinipa mikono yake yote miwili.

Kwa hiyo kesho, saa tatu asubuhi, mbele ya kamati ya wazazi, nitaviwasha vyote kwa pamoja. Saa nne Mama Mdogo ataingia kutia saini.

Sijamwambia. Acha iwe zawadi.